Usiutume Usiku Huu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu wa afya: wauguzi, matabibu, wafamasia, madaktari walio masomoni. Karibu wote wanazungumzia jambo moja, utafiti uliokwisha kufanyika na haujachapishwa. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mhariri mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kusoma miswada ya makala za tiba kabla haijaenda kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoipima kabla ya kuchapishwa, na mpaka leo vijana wa Upanga na Muhimbili huniletea yao nyumbani, wengi wakitaka kuituma usiku huohuo. Kwa kawaida huwaambia wasubiri. Nyuma ya kila jedwali kuna mgonjwa aliyekubali kuchomwa sindano au kuulizwa mambo ya ndani ya nyumba yake, na deni hilo halilipwi kwa haraka.

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimemaliza shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ina kurasa zaidi ya tisini kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki. Msimamizi anataka nitoe makala. Nimejaribu kupunguza sura moja moja lakini kila nikikata naona naharibu. Nianzie wapi?*
Mkunga, Temeke

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Acha kukata. Tasnifu uliiandika ili walimu wako waone umesoma, ndiyo maana imejaa historia ya upungufu wa damu tangu enzi na enzi. Makala ataisoma mkunga mwenzako wa Kisumu au mtaalamu wa lishe wa Dhaka, asiyekujua, aliye kazini, mwenye robo saa tu. Gauni la harusi hulikati likawa la kwendea sokoni, unatafuta kitambaa kingine.

Ifunge tasnifu kwanza. Chukua karatasi tupu uandike sentensi moja inayojibu swali hili: umekuta nini? Ukishindwa kuiandika kwa Kiswahili bila kuchungulia popote, makala haijaiva, rudi kwenye takwimu. Ukiipata, ibandike ukutani. Kila aya itakayoingia iwe inaitumikia sentensi hiyo, na isiyoitumikia ibaki kwenye tasnifu, haijapotea.

Halafu chagua jarida kabla hujaandika neno jingine. Wengi huandika kwanza, wakatafuta pa kupeleka baadaye, wakajikuta wanaandika upya. Soma maelekezo kwa waandishi mwanzo hadi mwisho, pamoja na makala tatu nne walizochapa karibuni zinazofanana na yako. Utajua wanataka maneno mangapi (makala ya utafiti mara nyingi ni kama 3,000, na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, 250 au 300), majedwali mangapi, marejeo kwa mtindo gani. Jiulize pia nani anapaswa kuyajua matokeo haya. Kama ni wakunga wa hapa nyumbani na nchi jirani, Tanzania Journal of Health Research inayotolewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), au jarida jingine la Afrika linalopatikana AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, linaweza kuwafikia vizuri kuliko jina kubwa la Ulaya. Mimi naipenda njia hiyo kwa makala ya kwanza, ingawa najua wasimamizi wengine hawatakubaliana nami.

Sasa anza na majedwali. La kwanza linaeleza wanawake wako ni akina nani: umri, mimba ya ngapi, ina miezi mingapi. La pili ndilo lenye jibu. Ukishayapanga, andika matokeo, kisha njia za utafiti, kisha mjadala, kisha utangulizi. Ikisiri na kichwa cha makala vije mwisho kabisa. Msomaji ataanza na kichwa na ikisiri, lakini mwandishi halazimiki kufuata mwendo wa msomaji.

Kwenye njia za utafiti ndipo wengi hupita mbio, na hapohapo ndipo mpitiaji mzuri hukaa muda mrefu. Kliniki ilikuwa ya aina gani, na ulikusanya data kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani? Ulimchukua nani, ukamwacha nani, na kwa nini? Idadi ya washiriki uliipataje? Damu ilipimwa kwa mashine gani, ya kidoleni au ya mshipa, na nani aliipima? Ulichora wapi mstari wa kusema huyu ana upungufu? Hilo la mwisho litazame kwa makini. Wengi tumezoea gramu 11 kwa desilita kwa mjamzito yeyote, ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaweka 10.5 kwa miezi mitatu ya katikati, na 11 kwa ile ya mwanzo na ya mwisho. Ukitumia 11 kwa wote, sema wazi na utoe sababu, kwa kuwa idadi ya wenye upungufu hubadilika kulingana na mstari huo. Kwa utafiti wa aina yako kuna orodha ya mambo ya kueleza kwenye makala, iitwayo STROBE, iliyochapishwa 2007, yenye vipengele 22. Ipakue, ni bure. Pitia kipengele kimoja kimoja ukiandika kiko ukurasa gani wa mswada wako. Majarida mengi yatakuomba uiambatishe.

Kwenye matokeo, sema wangapi kati ya wangapi. Kama ni 84 kati ya 210, andika hivyo, kisha ndiyo useme asilimia 40. Programu ya takwimu ya SPSS ikikuonyesha thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) kuwa 0.000, usiinakili. Programu imefupisha tarakimu tu, uwezekano wenyewe haujawa sifuri. Andika kwamba ni chini ya 0.001.

Na kwenye mjadala, mwanangu, lichunge sana neno "sababu". Wanawake hawa uliwapima mara moja, siku waliyokuja kliniki. Ukikuta wasiomeza vidonge vya kuongeza damu wana upungufu zaidi, unaweza kusema mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Huwezi kusema moja limeleta jingine, kwani huenda asiyemeza vidonge ndiye pia anayekula mlo mmoja kwa siku, au aliyechelewa kuanza kliniki, au aliyeambiwa dirishani kwamba vidonge vimeisha. Taja pia udhaifu wa utafiti wako. Wasiofika kliniki kabisa hukuwaona, na huenda ndio wenye hali mbaya kuliko wote. Mpitiaji hatakudharau kwa kusema hivyo. Atakudharau ukificha, akagundua mwenyewe.

Mwisho, toa cheti cha kibali cha maadili usome masharti yake yote. Kama kibali kilitoka NIMR, mojawapo ya masharti ni kuomba ruhusa yao kabla ya kuchapisha matokeo. Waandikie mswada ukikaribia kukamilika, usingoje mpaka jarida likukubalie.

*Mama, naomba nisitaje hospitali. Utafiti niliubuni mimi, data nilikusanya na wenzangu wawili, mswada nimeuandika wote. Mkuu wa idara amesoma kichwa cha makala tu, sasa anataka jina lake liwe la kwanza, na ameniletea majina mengine matatu ya watu ambao data hawajawahi kuiona. Muuguzi aliyewahoji wagonjwa kwa miezi ameambiwa atatajwa kwenye shukrani, inatosha. Nikikataa, barua yangu ya kwenda masomoni inapitia mezani kwake. Nifanyeje?*
Daktari kijana, Dar es Salaam

Daktari, mwanangu, barua yako imenikasirisha, na zaidi kwa ajili ya huyo muuguzi. Nianze na kanuni kwa sababu ndiyo ngao yako.

Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana namna moja ya kupokea miswada. Kikundi hicho ndicho leo kinaitwa ICMJE, na mapendekezo yake yanafuatwa na majarida mengi ya tiba duniani. Kwao, mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne, yote kwa pamoja. Awe amechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, au kupata data, au kuichambua na kuifasiri. Awe ameandika mswada au ameupitia kwa kina na kuurekebisha. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe amekubali kuwajibika kwa kazi nzima, ili likizuka swali asaidie kulitafutia jibu. Cheo hakimo humo. Kuleta fedha peke yake hakumo. Kuongoza idara hakumo.

Mtazame sasa muuguzi. Aliyehoji wagonjwa kwa miezi anaweza kabisa kuwa ametimiza jambo la kwanza, na mapendekezo hayohayo yanasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza matatu yaliyobaki. Haifai kumnyima mswada halafu kumwambia hakuandika. Mpelekee leo. Kama Kiingereza cha makala kinamsumbua, kaeni pamoja, msomee, mwulize kama ndivyo wagonjwa walivyosema. Nimeona wauguzi wakisahihisha tafsiri ambayo daktari alikuwa na uhakika nayo kabisa.

Kwa mkuu, usiende na maneno ya "hustahili". Tengeneza jedwali lenye kazi zote: kubuni, kuomba kibali, kukusanya, kuchambua, kuandika, kurekebisha. Watumie wote kwa barua pepe moja, pamoja na mswada. Andika kwa heshima: "Shikamoo Profesa. Jarida linataka kila mwandishi aeleze mchango wake na kuusaini. Naomba kila mmoja ajaze sehemu yake na kuniletea marekebisho kabla ya Ijumaa ya tarehe fulani." Umemfungulia mlango halali. Akikaa na data, akatoa hoja juu ya maana yake, akarekebisha mjadala, atakuwa ameifanya kazi, na wakubwa wetu wana mengi ya kutufundisha wakikaa mezani. Wale watatu nao watalazimika kuandika walichofanya, na wengi hujitoa wenyewe wakifika hapo. Wakumbushe pia kwamba anayeweka jina anaweka na wajibu: data ikija kutiliwa shaka, hataweza kusema yeye alikuwa mgeni.

Nafasi ya kwanza, kwa desturi ya tiba, huenda kwa aliyefanya kazi kubwa zaidi. Ya mwisho huenda kwa mkubwa aliyeongoza, na ina heshima yake. Akiwa ameistahili, mpe hiyo ya mwisho. Hili huwatuliza wengi.

Akikataa yote, usipigane peke yako. Tafuta mkubwa mwingine anayeheshimika, msimamizi wako wa zamani au ofisi ya utafiti ya taasisi yenu, umpelekee jedwali lile. Mhariri wa jarida hatakuamulia, maana kanuni zinamtaka aurudishe mgogoro kwa taasisi. Na utafiti ujao, andikeni majina na mpangilio wake siku mnayoandika pendekezo, kabla mgonjwa wa kwanza hajahojiwa.

*Habari za kazi, mama. Nimepata barua pepe inaniita "Profesa Mashuhuri", wanasema wameipenda kazi yangu na wataichapa ndani ya siku tatu kwa dola 150. Mimi ni mfamasia tu, sijawahi kuchapa kitu. Jarida lina namba ya ISSN na linasema ni la kimataifa. Nilipe?*
Mfamasia, Kariakoo

Usilipe. Makala ya tiba haiwezi kupitiwa na wataalamu wawili, ikarekebishwa na kupangwa ndani ya siku tatu. Wanachouza ni nafasi kwenye tovuti. ISSN ni namba ya utambulisho tu, haisemi lolote kuhusu ubora.

Kabla ya kutuma popote, litafute jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria (yanayosomwa bure) iliyoanzishwa 2003, au kwenye AJOL kwa yale ya Afrika. Angalia kama ni mwanachama wa COPE, kamati inayoshughulikia maadili ya uchapishaji. Chagua jina moja kwenye bodi ya wahariri, umtafute kwenye tovuti ya chuo chake, umwandikie kumwuliza kama kweli anahudumu. Wapo wanaogundua siku hiyo kwamba majina yao yametumika. Soma makala mbili walizochapa. Ukikuta makala ya malaria inafuatwa na ya saruji, ondoka.

Nisieleweke kwamba kila jarida linalotoza ni tapeli. Majarida huria mengi mazuri hutoza ada, tena kubwa, kwa sababu msomaji halipi kitu. Tofauti ni kwamba ada yao imeandikwa wazi kwenye tovuti na hulipwa makala ikishakubaliwa. Wengi wana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, wakifuata makundi ya Benki ya Dunia. Mnakumbuka Julai 2020 tulipotangaziwa kwamba tumeingia uchumi wa kati? Kwa wachapishaji wengine maana yake ni kwamba Mtanzania anaweza kupata punguzo badala ya msamaha kamili. Kwa hiyo soma sera ya ada na uombe msamaha mapema, wakati wa kutuma, si siku ankara inapofika.

Linaloniumiza zaidi ni hili: makala ikishachapwa kwa matapeli, jarida la heshima haliwezi kuipokea tena, itahesabika imechapishwa mara mbili. Kazi yako ya miaka inazikwa hapo. Kama umeshawatumia mswada na hujasaini chochote, waandikie leo kwamba unauondoa, na uitunze nakala ya barua.

*Shikamoo. Mimi ni tabibu wa zahanati. Nikipitia rejesta za MTUHA, daftari zetu za taarifa za wagonjwa, naona kitu kuhusu homa za watoto wakati wa masika ambacho sijakisoma popote. Wenzangu wanasema majarida hayataki habari za zahanati. Ni kweli?*
Tabibu, Mbagala

Marahaba. Si kweli. Mwaka 1952 homa isiyojulikana ililipuka kwenye uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala: watu walishikwa ghafla na homa, vipele, na maumivu ya viungo yaliyowafanya washindwe kusimama wima. Mwaka 1955 Robinson na Lumsden walichapa maelezo yake kwenye jarida la Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene: mmoja akieleza dalili alizoziona kwa wagonjwa, mwingine jinsi ugonjwa ulivyosambaa vijijini. Hiyo ndiyo chikungunya. Ugonjwa umeshafika Asia na Amerika, na wanaouandika leo bado wanarudi kwenye kurasa hizo za Newala. Wale wawili waliangalia vizuri kilichokuwa mbele yao, wakakiandika kwa namna ambayo mtu wa mbali angeweza kukiamini.

Lakini rejesta ina siri za watu. Usitoe hata mstari mmoja kwa ajili ya utafiti kabla hujapata kibali cha maadili na ruhusa ya mganga mkuu wa manispaa. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Andika pendekezo la kurasa chache, na utafute mtu mmoja wa takwimu tangu mwanzo, kwa sababu rejesta huwa na mapengo, na ni lazima ueleze mapengo hayo umeyashughulikia vipi. Kusoma makala za wengine kusikushinde kwa ajili ya fedha: mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002, hufungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi kama yetu. Mwulize mkutubi wa chuo au hospitali kubwa iliyo karibu nawe.

*Dada, nina picha ya mgonjwa mwenye ugonjwa adimu wa ngozi ya uso. Alisaini fomu ya matibabu. Nikimziba macho kwa mstari mweusi, naweza kuituma?*
Daktari wa ngozi

Hapana. Kukubali kutibiwa si kukubali kuchapishwa, na mstari mweusi machoni haufichi mtu. ICMJE wanasema hivyo waziwazi. Jirani atamjua kwa kidevu, kwa sikio, kwa kovu.

Rudi kwake na fomu ya ridhaa ya kuchapisha, iliyo kwa Kiswahili. Mweleze kwamba picha itakaa kwenye intaneti, mtu yeyote duniani anaweza kuiona, na ikishatoka hataweza kuirudisha. Mwonyeshe picha yenyewe na maneno utakayoandika. Mpe muda akazungumze na watu wake, na ajue kwamba akikataa matibabu yake hayatabadilika. Kwenye maandishi, mtaa, kazi na tarehe kamili vikiwa havihitajiki, viondoe. Usivibadilishe kuwa vya uongo. Akikataa, picha inabaki kwenye jalada lake.

Haya yafuatayo nayajibu kwa ufupi, kwa kuwa yameulizwa na wengi.

Je, unaweza kutuma mswada mmoja kwa majarida mawili ili ujue nani atajibu kwanza? Hapana. Unapotuma unathibitisha kwamba haupo mahali pengine. Subiri uamuzi, au uondoe kwa barua ndipo upeleke kwingine.

Mmejaribu tiba kwa kugawa wagonjwa makundi mawili na hamkusajili jaribio? ICMJE wamedai usajili tangu 2005, tena kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Wa Afrika wanayo rejesta yao ya majaribio, PACTR, iliyoko Afrika Kusini. Ukiwa umechelewa, sajili sasa, uandike kwenye makala kwamba usajili ulifanyika baadaye na kwa nini. Majarida mengine yatakataa, na yana haki. Usijaribu kuchezea tarehe.

Programu za akili bandia je? Tangu 2023 ICMJE wanasema mashine haiwezi kuwa mwandishi, kwani haiwezi kuwajibika, na kama umeitumia utaje, kwenye barua ya kuambatisha na ndani ya makala. Kunyoosha Kiingereza si dhambi. Lakini usiipe taarifa za wagonjwa, na usikubali rejeo lolote inalokupa mpaka uwe umelifungua na kulisoma mwenyewe, maana hubuni makala ambazo hazipo. Kwa wanaoogopa Kiingereza chao: andikeni sentensi fupi, kila moja na jambo moja. Mpitiaji makini huvumilia kosa la sarufi, havumilii namba za jedwali zisizolingana na za maandishi. Hizo zikagueni kwa kalamu, karatasi ikiwa mezani.

*Shikamoo mama. Nimejibiwa baada ya miezi mitano: "marekebisho makubwa". Mpitiaji wa kwanza amenisifu. Wa pili ameandika kurasa tatu. Anasema sampuli ni ndogo, mjadala umevuka matokeo, na anataka nitaje makala tano ambazo nikiangalia zote ni za mtu mmoja. Nimepewa siku 60. Nimevunjika moyo, nafikiri niupeleke jarida jingine.*
Mwanafunzi wa uzamivu, Kimara

Marahaba mwanangu. Usiupeleke popote. Mhariri asiyeutaka mswada huukataa, hawapi watu siku 60. Kaa siku mbili bila kuifungua barua ile, hasira ipungue, kisha ufanye hivi.

Nakili kila hoja kama ilivyo kwenye faili jipya, na chini yake andika jibu lako na ukurasa na mstari ulikorekebisha. Usiunganishe hoja mbili, usiruke hata ndogo. Pale alipo sahihi, sema "tumerekebisha" na uweke sentensi mpya yote, ili asihangaike kuitafuta. Kuhusu mjadala kuvuka matokeo, naomba umsikilize. Soma kila sentensi ya mjadala ukiuliza ni jedwali gani linaibeba, na isiyo na jedwali ipunguze makali au iondoke.

Sampuli huwezi kuiongeza sasa. Mweleze uliikokotoa vipi kabla ya kuanza, onyesha masafa ya uhakika ya asilimia 95 ili msomaji aone upana wa shaka, na uongeze sentensi kwenye udhaifu wa utafiti. Pale asipo sahihi, unaruhusiwa kumkatalia. Toa hoja na ushahidi, kwa lugha ile ambayo ungetumia mbele ya mkubwa wako.

Makala zile tano zisome zote. Inayosaidia hoja yako itaje, isiyosaidia iache, na useme kwa nini. Kisha mwandikie mhariri peke yake, kwa ujumbe tofauti, kwamba umeona maombi hayo yanaelekea kwa mwandishi mmoja. Hilo ni jambo ambalo wahariri wanataka kulijua.

Waandishi wenzako wote wasome jibu na mswada uliorekebishwa kabla hujautuma, na wakuandikie kwamba wameridhia. Siku 60 zinahesabiwa tangu tarehe ya barua ya mhariri, hazisubiri siku uliyoifungua. Ukiona hazitatosha, omba nyongeza wiki mbili kabla hazijaisha. Ni ombi la kawaida, na mara nyingi hukubaliwa.